Glasi Isiyo na Mapera

Mpwa wangu alinipigia simu Jumatano asubuhi, nikiwa narekebisha mlango wa banda la kuku, akaniambia Jumamosi nivae shati safi nishuke Voi, kwa sababu anataka nimwonjee bia yake mbele ya mgeni. Nilimjibu kwamba shati ninalo. Kuhusu kuonja sikusema kitu, naye akachukulia kwamba nimekubali.

Mpwa huyu ni binti wa dada yangu mkubwa. Alisomea mambo ya vyakula chuoni, akaajiriwa Nairobi kwenye kiwanda cha vinywaji, akakaa huko miaka sita, halafu akarudi nyumbani na mitungi minne ya chuma inayong'aa. Alikodi ghala lililokuwa la saruji, hapo Voi, nyuma ya barabara kuu, akapaka kuta rangi nyeupe, akatundika leseni yake mahali ambapo mtu akiingia anaiona kabla ya kumwona yeye mwenyewe. Anatengeneza bia kidogo kidogo, ya shayiri kama bia nyingine yoyote, ila anaitia matunda: mapera ya huku kwetu Ronge, pasheni, na ukwaju unaotoka upande wa Makwasinyi.

Dada yangu ni mzee wa kanisa. Aliwaambia watu kwamba mtoto wake anatengeneza juisi. Alipoulizwa kwa nini juisi inahitaji leseni ya pombe, alisema serikali ya siku hizi inataka leseni kwa kila kitu. Mapera yenyewe yalikuwa yanatoka shambani kwake, naye alikuwa akiyachagua moja moja.

Nieleze kwa nini nilitakiwa mimi. Huku milimani tuna pombe yetu ya miwa, mbangara, na haikosekani kwenye posa wala kwenye shughuli yoyote ya ukoo. Kabla wazee hawajamiminiwa, lazima mtu mmoja aonje kwanza aseme kama imefika au bado. Kwa karibu miaka ishirini mtu huyo nilikuwa mimi. Sikuomba kazi hiyo. Siku za wiki nilikuwa karani wa stoo kwenye shamba la katani, na Jumamosi nilikuwa naitwa kwenye boma la mtu, napewa kibuyu, watu wote wananyamaza. Nilikuwa na uwezo wa kusema kama miwa ilitoka bondeni au juu. Mara moja niliukataa mtungi mzima nikasema ulishawahi kuwekwa mafuta ya taa. Mwenye mtungi alikana, mkewe akakubali.

Sasa, mwaka ule wa barakoa niliugua homa. Haikuwa kali. Nililala siku nne, siku ya tano nikaamka, nikaoga, na nikiwa bafuni nikagundua kwamba sabuni haina harufu. Nilidhani ni sabuni mbaya. Nikaenda jikoni, mke wangu akanipa chai ya tangawizi, nayo ilikuwa maji ya moto. Nilinusa kitunguu, nikanusa majani ya chai mkebeni, nikatoka nje nikamnusa mbuzi. Hakuna. Daktari niliyemwona Voi aliniambia itarudi. Hakusema lini.

Siku hiyo hiyo mke wangu alinipikia kimanga, muhogo uliopondwa na maharagwe, chakula ambacho kwao anasifika nacho tangu usichana. Nilikula vijiko viwili nikamwambia hakina ladha. Nilikuwa nasema habari za mdomo wangu. Yeye alisikia habari za kimanga chake. Aliichukua sahani kutoka mbele yangu, akaketi mlangoni akakila chote, kimya, akitazama nje, na kwa siku mbili hakunisemesha ila kwa mambo ya lazima. Siku ya tatu alileta mchuzi wa kuku. Niliutazama, ulikuwa na rangi nzuri na mafuta yakielea juu. Nikasema, "Leo umepika." Akatabasamu. Tangu hapo nikawa nasema hivyo kila siku.

Kama ningalimweleza siku ile ya kwanza, jambo lingalikwisha. Siku ya kumi lilikuwa gumu kidogo. Baada ya mwaka halikuwa tena jambo la kueleza, lilikuwa jambo la kuungama.

Kwa wazee nilifanya vile vile. Nilijifunza kuangalia povu na kusikiliza jinsi pombe inavyochemka ndani ya mtungi. Zaidi ya yote niliangalia nyuso, hasa uso wa mama aliyeipika, kwa sababu yeye anajua tayari. Kwa miaka minne sikukosea hata mara moja, jambo lililonifanya nijiulize pua ilikuwa inafanya kazi gani hapo kwanza. Tatizo lilikuwa mahali pengine. Jumapili moja nilikanyaga kinyesi cha mbwa njiani, nikaingia nacho kanisani bila kujua, na watu wa benchi langu wakahama mmoja mmoja mpaka nikabaki peke yangu. Nilidhani ni heshima ya umri.

Basi Jumamosi ikafika, nikavaa shati, tukashuka Voi mimi na mke wangu. Yeye hanywi pombe na hajawahi kuonja. Ni wa chama cha akina mama kanisani na msimamo wao unajulikana. Alikuja kwa sababu alisikia kutakuwa na chakula. Dada yangu tulimkuta ameshafika, amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mitungi, mkoba mapajani, kama mtu aliyesindikiza mgonjwa hospitali.

Sikuwa na wasiwasi mkubwa. Mpwa wangu alikuwa ameniambia kwenye simu kwamba kila chupa itakuwa na kibandiko chenye picha ya tunda lake. Nilipanga kusoma kwanza, kuonja baadaye.

"Vibandiko havijafika," aliniambia mlangoni, akinipokea kwa mikono miwili. "Mchapishaji amenizungusha wiki nzima. Lakini si neno, Mjomba. Afadhali hata. Utaonja bila kusoma, na mgeni ataona kwamba tunda linajitambulisha lenyewe."

"Ni wazo zuri," nilisema.

Mgeni alikuwa msimamizi wa vinywaji kwenye hoteli moja ya watalii kando ya mbuga. Kijana wa miaka thelathini na kitu, viatu vyake havikuwa na vumbi, na kwa Voi hilo linahitaji juhudi. Aliongea kwa adabu. Alisema wageni wao wanapenda kitu cha mahali hapa, kitu chenye hadithi, na kwamba amesikia mimi ndiye mwonjaji wa wazee huko milimani. Aliposema hivyo mpwa wangu alinitazama kwa fahari ambayo sikuipenda, kwa sababu ilikuwa ya kweli.

Mezani palitandikwa kitambaa cheupe na juu yake glasi nne, kila moja imejazwa nusu.

"Sitasema ipi ni ipi," alisema mpwa wangu. "Mjomba ataanza, halafu wewe mgeni wetu. Mama, wewe je?"

"Mimi naangalia tu," alisema dada yangu.

Nilihesabu glasi, zikawa nne. Nilihesabu matunda, yakawa matatu. Mtu mwingine angesimama hapo akauliza. Mimi nilichukua glasi ya kwanza.

Watu wengi hawajui kwamba pua ikifa ulimi haufi nayo. Chumvi naisikia, sukari naisikia, uchachu na uchungu pia. Kisichokuja ni kile kinachokuambia kitu ni kitu gani. Ni kama kusikia watu wanaongea chumba cha pili: unajua wanagombana au wanacheka, lakini maneno huyapati. Glasi ya kwanza ilikuwa na rangi ya kahawia na ilikuwa chachu mpaka taya zikakaza. Nikasema ni ukwaju. Mpwa wangu akaitikia kwa kichwa. Ya pili ilikuwa ya njano nzito, haipenyezi mwanga, chachu lakini na utamu ndani. Nikasema pasheni. Mgeni akaonja akasema, "Sawa kabisa, mzee." Hata mke wangu alinitazama kama vile siku ile ya harusi.

Hapo ndipo nilipoharibikiwa, kwa sababu nilianza kujiamini.

Glasi ya tatu na ya nne zilifanana, zote rangi ya dhahabu nyepesi. Kwa mbangara ningeangalia uso wa mpishi, lakini mpwa wangu alikuwa ameinamia daftari lake anaandika, na mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kunywa, kwa hiyo hapakuwa na uso wa kusoma. Nikanywa ya tatu. Ilikuwa ya baridi, nyepesi, na uchungu mwishoni uliotoka bila fujo. Lilibaki tunda moja tu.

"Mapera," nilisema.

Ningeishia hapo, labda ningepona. Lakini walikuwa wamenyamaza, na mimi ukimya wa watu wanaosubiri neno langu nilikuwa nimeuzoea miaka ishirini. Nikaendelea. Nilisema haya si mapera ya bondeni, ni ya juu, ya Ronge, yaliyopigwa na ukungu asubuhi na jua mchana. Nilisema yamechumwa yakiwa yameiva upande mmoja. Nilisema hata ganda linasikika.

Mgeni alichukua glasi ile ile, akafumba macho, akanywa. "Kweli kabisa," alisema. "Ganda linakuja nyuma."

Nikainywa ya nne. Ilianza kwa uchachu, halafu ukaja uchungu ukakaa mwisho wa ulimi na kukataa kuondoka. Sikujua hii ni nini. Nikasema, "Hii pia ni mapera, ila duni. Yamechumwa mapema. Hii ningeiacha."

Dada yangu alishusha mkoba wake chini. "Yamechumwa mapema na nani?" aliuliza.

Mpwa wangu alikuwa ameacha kuandika. Ana tabia moja tangu utotoni: hawezi kusema uongo hata ukimpa muda wa kujiandaa. Nilimwona akijaribu.

"Mjomba," alisema, "hiyo ya nne ndiyo ya mapera. Ya tatu haina tunda. Ni bia tupu, niliiweka ili mgeni aone tofauti."

Nje lori lilipita kwenye barabara kuu, likabadilisha gia, likapita lote na tela lake. Mgeni aliiweka ile glasi mezani, akaisogeza kidogo mbali naye kwa kidole. Kisha akatazama simu yake, akakumbuka kwamba ana mkutano. Alitushukuru wote, kila mtu kwa zamu yake, hata dada yangu ambaye hakuwa amefanya lolote. "Tutawasiliana," alisema, na akaondoka na viatu vyake.

Mlango ulipofungwa dada yangu alinigeukia. "Umelewa?"

"Nimekunywa mikupuo minne."

"Basi una nini?"

Mke wangu aliinuka, akaenda kule penye sinki, akarudi na kitu mkononi alichokificha nyuma. "Fumba macho," aliniambia. Nikafumba. Nilisikia ubaridi wa kitu chenye maji karibu sana na pua yangu. "Hiki ni nini?"

Niliwaza kwa haraka. Tulikuwa kwenye kiwanda cha bia ya matunda. "Mapera?" nilisema.

Nilipofumbua macho niliona kitambaa cha kusafishia mitungi, kimelowa dawa ya klorini, na mpwa wangu ameziba pua hatua tatu kutoka pale. Mimi macho ndiyo yaliyokuwa yanatoka machozi, kwa sababu ya ile dawa, lakini dada yangu alidhani ninalia akanipa leso.

"Tangu lini?" aliuliza mke wangu.

"Tangu ile homa."

"Homa ya barakoa?"

"Ndiyo."

Alisimama na kile kitambaa kinamdondokea kwenye viatu. Nilimwona akirudi nyuma mwaka baada ya mwaka, akifungua kila sufuria. "Hata kimanga cha Krismasi?" aliuliza hatimaye. "Ulisema kimepita vya miaka yote."

"Nilikiangalia," nilisema. "Kilikuwa kinapendeza."

Tulirudi Ronge bila kula chakula kilichomfanya aje.

Wiki iliyofuata nyumbani kwangu ilikuwa ya amani kwa namna ambayo sitaki kuirudia. Alipika kama kawaida, aliandaa kama kawaida, akakaa mbele yangu na kunitazama nikila. Niliposema, "Leo—" aliinua mkono nikanyamaza. Siku ya tatu alisema kitu kimoja tu, akiwa ananimiminia maji ya kunawa. "Mimi hasira si kwamba husikii harufu. Ni kwamba nilikuwa napika vizuri kwa ajili ya yale maneno." Nilinawa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumatatu nilishuka Voi peke yangu kumwomba mpwa wangu radhi. Nilimkuta ndani ya gambuti akisugua mtungi. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, na nilipoanza kuyasema alinikata.

"Mjomba, yule mgeni alikubali kwamba bia tupu ina ganda la mapera. Hilo si kosa lako."

"Ya nne niliitukana."

"Ndiyo. Hilo nilitaka kukuuliza." Alizima maji, akaketi juu ya kreti iliyogeuzwa. "Ulipoinywa, ulisikia nini? Si tunda. Niambie ulimi wako ulisikia nini."

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilifikiri kidogo kisha nikamwambia kweli: kwamba ya tatu ilikuwa laini, na ya nne ilianza chachu halafu ikaja na uchungu wa mnavu uliochemshwa mara moja tu bila kumwaga maji ya kwanza, na kwamba uchungu ule nilikuwa nao hadi tulipofika Mwatate, njiani kurudi nyumbani.

Alinitazama. Aliinuka akafungua chupa nyingine, ya mapera, ya mtungi tofauti. Nikaonja, nikasema ni ule ule, labda zaidi. Akachukua daftari.

"Kila mtu ninayempa," alisema akiandika, "ananusa, anasema, 'Aisee, mapera!' Anamaliza glasi. Anasifu. Halafu haombi ya pili. Miezi mitano nimejiuliza kwa nini hawaombi ya pili."

Alinieleza kwamba bia hutiwa maua fulani machungu yanayotoka ng'ambo, na kwamba alikuwa ametia mengi akiogopa matunda yasiifanye bia ionekane kinywaji cha watoto. Harufu ya mapera ilikuwa inawapokea watu mlangoni kwa shangwe, hawaoni kilichokuwa kinawasubiri ndani. Mimi shangwe sikuisikia. Niliingia moja kwa moja ndani.

Ndivyo nilivyopata kazi nikiwa nimestaafu. Jumatatu nne mfululizo nilishuka Voi, nikaketi kwenye kreti ile, nikapewa kidogo kidogo kwenye vikombe vya chai. Amri ilikuwa moja: nisiseme nzuri wala mbaya. "Niambie iko wapi kwenye ulimi na imekaa muda gani," alisema. Nikawa nasema: hii imekaa pembeni, hii imekuja ghafla, hii inachelewa kuondoka kama mgeni wa mchana. Hilo la mgeni aliniambia nisiseme, linamchanganya. Jumatatu ya nne alinipa moja, nikainywa, nikangoja. Uchungu ulikuja, ukasalimia, ukaondoka. Nikanyoosha kikombe bila kufikiri, nikitaka nyingine. Hakuandika kitu siku hiyo. Alifunga daftari.

Kwa yule wa hoteli alikuwa amemwandikia barua pepe, ya kweli kama alivyo mwenyewe, kwamba mjomba wake hana uwezo wa kunusa na hakuna aliyejua, na kwamba bia imerekebishwa, na kwamba akipenda kurudi anakaribishwa. Mwanamume yule alikaa kimya wiki tatu. Halafu akajibu kwa mstari mmoja akiuliza kama yule mzee atakuwepo. Akajibiwa kwamba ndiyo, atakuwepo. Alikuja hivyo hivyo.

Mara hii vibandiko vilikuwa vimefika, na kila mtu alisoma kwanza. Mgeni alikunywa ya mapera akiwa amesimama, akaimaliza, akaangalia glasi tupu, akasema, "Naweza kuongezewa?" Mpwa wangu aligeukia mtungi ili kumwongezea, na alikaa amegeuka hivyo muda mrefu zaidi ya unaohitajika kufungua mfereji. Yule bwana akachagua ya mapera na ya pasheni. Ya ukwaju aliiacha, akisema wageni wake hawataizoea. Kuhusu ganda hakuna aliyetaja.

Nilimsindikiza hadi penye gari lake. Alifungua mlango, akaufunga tena, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mzee, samahani. Ule ugonjwa wako, huwa unaanza polepole?"

"Kwangu ulianza siku moja," nilimwambia. "Asubuhi."

Alionekana kupata nafuu. Kisha akafikiri, nafuu ikamtoka. Nilimshauri anuse kitunguu kila asubuhi ili awe na hakika. Alinishukuru.

Nyumbani nilibakiwa na wazee, ambao walikuwa hawajui bado. Palikuwa na posa kwa jirani mwezi huo huo, nikaitwa, nikapewa kibuyu, watu wakanyamaza. Niliirudisha mbangara yao mikononi mwa mama aliyeipika, nikawaambia pua yangu imekufa huu mwaka wa tano na wamtafute mtu mwingine. Mzee mmoja, mkubwa wangu kwa miaka kumi, aliuliza kama katika miaka hiyo nimewahi kukosea. Nikasema sikumbuki. "Basi onja," alisema. Nikakataa. Wakamteua shemeji yangu, mwenye pua nzima, akaonja akasema imefika. Haikuwa imefika. Watu watatu waliugua tumbo na posa ikaahirishwa. Nasikia kuna wanaonilaumu mimi.

Mke wangu alikuwa ameanza kunisemesha kwa ukamilifu karibu na Pasaka, bila tangazo. Namna yake ya kula nami ilibadilika. Hangoji sifa tena. Ananiambia mwenyewe kilichomo. "Hapa nimetia dania," atasema, akinisukumia bakuli. "Inanukia kama shamba baada ya kupalilia. Sasa kula." Nami nakula. Mara nyingine namwambia chumvi imezidi, na ni kweli imezidi, na anakubali, jambo ambalo katika miaka yote thelathini na moja ya ndoa yetu halikuwahi kutokea.

Mchana mmoja mpwa wangu alitutumia chupa mbili za mapera, zenye kibandiko chake cha kijani, zikiwa zimefungwa kwenye gazeti. Nilifungua moja nikiwa kibarazani. Mke wangu alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Aliniangalia nikiinua glasi, akaweka ungo chini.

"Lete," alisema.

"Hunywi."

"Sijasema nakunywa. Lete nikunusie."

Nilimpa. Aliishika kwa mikono miwili kama kikombe cha meza ya Bwana, akaingiza pua ndani, akavuta pumzi.

"Mapera," alisema. "Yale ya njano kabisa, yaliyoanguka yenyewe, ambayo ndege wameshaanza kuyatoboa." Akanusa tena. "Halafu mkate. Mkate uliotoka kwenye tanuri saa hizi." Akafumba macho. "Na kuna kitu kingine. Sijui nikiiteje. Ngoja."

Nilingoja. Kuku walipita mbele yetu wakielekea kwenye maharagwe na hakuna aliyewafukuza. Alinusa kwa mara ya tatu, kwa muda mrefu, uso wake umekunjamana kama mtu anayetafuta jina la mtu aliyesoma naye.

"Siwezi kukipata kwa pua peke yake," alisema.

Alitazama upande wa njia, juu na chini. Kisha akanywa, kiasi cha kijiko, akakitembeza mdomoni, akameza. Nilimuuliza ni nini.

"Sijui bado," alisema, na akashika glasi vizuri zaidi. "Nenda kawafukuze hao kuku."